Kugombania: Historia ya Neno Moja la Kiingereza na Somo Lake kwa Kanisa

Wengi wetu tunaikumbuka Krismasi ya utotoni kwa pipi. Ibada ilipokwisha, watoto wa shule ya Jumapili tulikusanywa uwanjani mbele ya kanisa, na mzee mmoja mwenye mfuko akawa anarusha pipi juu, konzi kwa konzi. Zilipoanguka, nasi tuliangukia juu yake. Tulisukumana, tukakanyagana, tukaparurana mikono kwa kucha. Aliyekuwa mkubwa aliondoka na mifuko imejaa. Aliyekuwa mdogo aliondoka na vumbi kwenye nguo mpya na machozi usoni. Watu wazima walisimama kivulini wakicheka. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Tuliona ni sehemu ya furaha ya sikukuu.

Kiingereza kina kitenzi kimoja kinachobeba kitendo hicho chote, yaani kukimbilia, kusukumana, kutambaa kwa mikono na miguu, na kunyakua bila utaratibu kabla mwingine hajanyakua. Kitenzi hicho ni scramble. Vijana wetu hukutana nacho shuleni katika somo la historia, wanapojifunza jinsi mataifa ya Ulaya yalivyoligawana bara la Afrika. Walimu hukifasiri kwa neno letu kugombania, na tafsiri hiyo ni njema.

Jioni moja, katika kipindi cha vijana, binti mmoja wa sekondari alituuliza swali ambalo hatukulitazamia. Alisema: "Wazee wangu, katika ile scramble ya kugombania Afrika, wamisionari walioleta kanisa letu walikuwa upande gani?" Tulitazamana. Mmoja wetu akajibu kwamba wamisionari walileta Injili na wakoloni walileta bunduki, basi tukafunga kwa sala. Lakini jibu lile halikututosha hata sisi wenyewe. Tuliona ni vema tulifuate neno lenyewe, tulijue lilizaliwa wapi na lilipita katika mikono ya nani hadi likatufikia. Makala hii ni matunda ya kazi hiyo ndogo.

Kucha mlangoni

Neno scramble lilianza kuonekana katika maandishi ya Kiingereza mwishoni mwa karne ya 16. Wataalamu wa lugha wanadhani limezaliwa kutokana na neno lingine lililolitangulia kidogo, yaani scrabble, ambalo asili yake ni lugha ya Kiholanzi. Maana yake ya kwanza ni kuparura, kukwaruza, kukuna kwa kucha. Kulikuwa pia na neno la tatu lililofanana nayo, scamble, ambalo Shakespeare alilitumia katika michezo yake. Hilo lilitumika kwa watu wanaogombania sarafu zilizorushwa katikati ya umati. Inaelekea maneno haya yalisuguana vinywani mwa watu hata likatoka hili tulilo nalo leo.

Msomaji wa Biblia anaweza kukutana na neno scrabble mahali asipopatarajia. Daudi, akimkimbia Sauli, alifika kwa Akishi mfalme wa Gathi, akaogopa kutambuliwa. Akajifanya mwenye wazimu, akawa anaparura milango ya lango huku mate yakimtiririka ndevuni (1 Samweli 21:13). Wafasiri wa Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 walichagua neno hilo kueleza alichofanya Daudi kwa vidole vyake.

Tuitafakari picha hiyo. Mtu aliyekwisha kupakwa mafuta awe mfalme yuko chini, anakwaruza mbao za mlango wa adui yake kwa kucha. Hofu ndiyo iliyomfikisha hapo. Alidhani asipojiokoa kwa njia hiyo hakuna atakayemwokoa. Katika historia yote tutakayoieleza hapa chini hofu hiyo hairudi nyuma: hofu kwamba vilivyopo havitoshi, na kwamba asiyewahi atakosa.

Karamu ya wakata manyoya

Haikuchukua muda mrefu neno hili likaingia kanisani, na lililiingia kanisa kama lawama. Mwezi Agosti 1637 kijana mmoja aitwaye Edward King, msomi wa Cambridge aliyekuwa akijiandaa kwa huduma ya kanisa, alizama baharini kati ya Uingereza na Ireland. Rafiki zake walitunga mashairi ya kumlilia. Mmoja wao alikuwa John Milton, naye aliandika utenzi uitwao Lycidas, uliochapishwa mwaka 1638.

Katikati ya maombolezo hayo Milton anamleta Mtume Petro, mwenye funguo mbili mkononi, naye Petro anawakemea wachungaji wa Kanisa la Uingereza wa wakati ule. Anawalaumu kwamba wameingia zizini kwa ajili ya matumbo yao. Anawafananisha na watu waliovamia karamu ya wakata manyoya ya kondoo, wanaosukumana kuwahi chakula na kumsukuma kando mgeni aliyealikwa kwa haki. Kitenzi alichokitumia Milton kwa kusukumana kule ni hiki hiki, scramble.

Sisi wasomaji wa Biblia tunajua karamu ya wakata manyoya ni nini. Ndiyo siku ambayo vijana wa Daudi walikwenda kwa Nabali kuomba chakula wakafukuzwa kwa matusi (1 Samweli 25). Ilikuwa siku ya kushiba na kukaribisha. Ndiyo maana lawama ya Petro katika utenzi ule inauma. Mezani chakula kipo tele. Wanaosukumana hawana njaa. Na anayebaki nje ni yule ambaye jina lake lilikuwa kwenye mwaliko.

Uwanja wa Grenada

Karne moja na nusu baadaye neno hili lilikuwa limekuwa jina la biashara. Katika visiwa vya Karibiani, meli za Waingereza ziliposhusha Waafrika waliotekwa, kulikuwa na njia mbalimbali za kuwauza. Wengine waliuzwa kwa mnada. Njia nyingine iliitwa kwa jina hilihili: kuuza kwa scramble.

Alexander Falconbridge alikuwa mganga katika meli za watumwa. Baada ya safari kadhaa aliichukia kazi ile, na mwaka 1788 alichapisha kitabu kueleza aliyoyaona. Anasimulia mauzo ya namna hiyo katika kisiwa cha Grenada. Bei ilikwisha kupatanwa mapema, moja kwa kila kichwa. Waafrika walifungiwa katika uwanja mkubwa wa wafanyabiashara. Saa iliyopangwa ilipofika milango ilifunguliwa ghafla, na wanunuzi wakaingia mbio kama wanyama wakali. Wengine walikamata kwa mikono waliyeweza kumfikia. Wengine walikuwa wamefunga leso nyingi pamoja, wakazizungusha kuwazingira watu wengi kwa mara moja; wengine walitumia kamba. Waafrika wale, ambao hawakuelewa lugha wala kilichokuwa kikitendeka, walishikwa na hofu hata baadhi yao wakapanda ukuta na kutoroka, wakakimbia ovyo mjini, kisha wakawindwa na kurudishwa.

Mwaka uliofuata, 1789, Olaudah Equiano, ambaye mwenyewe alikuwa mtumwa kabla ya kujikomboa, alichapisha habari za maisha yake. Anaeleza mauzo ya aina hiyo katika kisiwa cha Barbados: ngoma inapigwa, na wanunuzi wanaukimbilia uwanja kwa pamoja. Anawakumbuka ndugu waliotenganishwa pale, kila mmoja akaenda na bwana wake, wasionane tena. Kisha anawageukia Wakristo wa jina tu na kuwauliza kama jambo hilo walijifunza kwa Mungu wao.

Hapa tuliposoma tulinyamaza kwa muda. Mikono iliyozungusha leso pale Grenada ilikuwa mikono ya watu waliobatizwa. Tena katika mchezo wetu wa pipi kulikuwa na kila kitu kilichokuwamo Grenada: uwanja, ishara ya kuanza, mbio, wakubwa na wadogo. Tofauti iko katika kile kilichonyakuliwa. Mtoto akinyakua pipi anakula pipi. Pale Grenada mtu alinyakua mtu.

Mwaka 1884

Basi neno lilipofika mwaka 1884 lilikuwa na historia hiyo yote ndani yake. Mwaka huo Waingereza walianza kulitumia kwa bara zima: scramble for Africa, kugombania Afrika.

Tarehe 15 Novemba 1884 wajumbe wa mataifa 14 walikutana Berlin chini ya uenyekiti wa Bismarck, waziri mkuu wa Ujerumani. Hapakuwa na Mwafrika hata mmoja mezani. Mara nyingi tunasimuliwa kwamba pale walitandaza ramani wakaikata kama keki. Ukweli ni kwamba mkutano ule uliweka kanuni, hasa kuhusu biashara katika mito ya Kongo na Niger, na kuhusu jinsi taifa linavyoweza kudai sehemu ya pwani ya Afrika. Kukata kwenyewe kulifanyika kabla na baada, kwa mikataba ya mataifa mawili mawili na kwa safari za watu wenye haraka. Lakini kanuni ya kwamba mdai sharti aonyeshe kuwa ameshika kweli ilizidisha haraka ile. Ilikuwa kama kusema: aliyekwisha kuweka mkono juu ya pipi, pipi ni yake.

Hati ya mwisho ya mkutano huo, iliyotiwa sahihi tarehe 26 Februari 1885, inaanza kwa kulitaja jina la Mwenyezi Mungu. Na kifungu chake cha sita kinaahidi ulinzi wa pekee kwa wamisionari wa Kikristo, pamoja na wanasayansi na wavumbuzi.

Wakati wajumbe wameketi Berlin, Mjerumani Carl Peters alikuwa amekwisha kufika Unguja. Mwezi huohuo wa Novemba alivuka bahari na kuingia bara, na kwa majuma machache tu akapita Uzigua, Nguu, Usagara na Ukami akitafuta sahihi za watawala kwenye karatasi zilizoandikwa kwa lugha wasiyoisoma. Tarehe 27 Februari 1885, siku moja tu baada ya hati ya Berlin kutiwa sahihi, serikali ya Kaisari ilizipa karatasi hizo ulinzi wake. Sultani Barghash wa Zanzibar alipinga. Mwezi Agosti manowari za Kijerumani zilisimama mbele ya mji wake, naye hakuwa na la kufanya. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zikachora mstari kutoka mdomo wa mto Umba kwenda Ziwa Viktoria, mstari uliokunja kona kuuzunguka Kilimanjaro, na Sultani akaachiwa ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10.

Wazee wetu walisema, wapiganapo tembo nyasi huumia. Hapa tembo hawakupigana wao kwa wao, walipatana. Nyasi ziliumia vilevile.

Walikuwa upande gani?

Sasa tulirudie swali la binti yule, tena tulijibu bila kuficha.

Yako mambo ya kumshukuru Mungu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na Krismasi ya mwaka uleule wamisionari wa Kianglikana waliweka jiwe la msingi la kanisa lao palepale Mkunazini, juu ya ardhi ya soko. Mahali ambapo watu walinunuliwa, mtu akaalikwa kupokea mwili na damu ya Bwana bila kulipa chochote. Kama kuna jibu la Kikristo kwa uwanja wa Grenada, hilo ni mojawapo, nalo liko katika pwani yetu.

Lakini yako na mengine. Tuende Buganda. Tarehe 3 Juni 1886, pale Namugongo, vijana Waanglikana na vijana Wakatoliki walichomwa moto pamoja kwa sababu walikataa kumwacha Kristo. Moto haukuuliza nani alibatizwa na misheni gani. Haikupita miaka 6. Tarehe 24 Januari 1892, pale Mengo, Waprotestanti na Wakatoliki wa Buganda walipigana kwa bunduki. Walikuwa wamekuwa vyama viwili vya siasa, wakiitwa kwa majina ya mataifa ya wamisionari wao, Waingereza na Wafaransa, ingawa wote walikuwa Waganda. Kapteni Lugard wa kampuni ya Kiingereza aliwapa Waprotestanti silaha, na bunduki yake ya mzinga iliyofyatua mfululizo ikaamua vita. Misheni ya Rubaga iliteketea. Baadaye nchi iligawanywa na vyeo vikagawanywa kwa dhehebu. Ndugu waliokuwa tayari kufa pamoja walishindwa kugawana kwa amani.

Tuende na Moshi. Wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza walianza kazi pale mwaka 1885. Lakini ule mstari uliokunja kona uliuweka mlima upande wa Wajerumani. Mwaka 1892 watu wa Mangi Meli waliwashinda askari wa Kijerumani vitani, na watawala wakawatuhumu wamisionari wa Kiingereza kuwa ndio waliowachochea. Ikawabidi waondoke, wakahamia Taveta. Mwaka 1893 wakaja Walutheri wa Misheni ya Leipzig, wakaanzia Machame. Hivyo mpaka wa bendera ukawa mpaka wa dhehebu. Waumini wachache waliokuwa wameanza kufundishwa hawakuulizwa wanataka mchungaji gani.

Tusiseme kwa hayo kwamba Injili ni zao la kugombania. Mbegu ile ilikuwa njema, imeota, nasi ni sehemu ya mavuno yake. Lakini mikono mingi iliyoipanda ilikuwa na haraka ileile ya wakati wake. Ilihesabu vijiji, ilichora ramani, iliogopa kwamba dhehebu lingine litawahi. Kwa hiyo jibu letu kwa binti yule ni hili: Mwanangu, baadhi yao walisimama langoni kuwazuia wanaokimbilia uwanjani, baadhi yao walikimbia pamoja nao, na wengine walifanya yote mawili kwa nyakati tofauti. Kulijua hilo hakukupunguzii imani. Kunakufundisha ni nani wa kumwamini.

Viti vyetu

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, tukiwa tumewahukumu watu waliokufa zamani. Lakini neno lililotufikisha hadi Mengo lilituonyesha pia mlango wetu wenyewe.

Miaka michache iliyopita mtaa mmoja wa usharika wetu ulikua hata ukastahili kujitegemea. Ilipaswa kuwa siku ya shukrani. Badala yake tukaanza kuhesabu. Viti vya plastiki ni vya nani? Kinanda na spika zilinunuliwa kwa michango ya kwaya ipi? Kiwanja cha nyuma kiko upande upi? Kamati zilikaa, na kila kamati ilikaa upande wake. Usiku mmoja baadhi yetu walikuja na kirikuu wakapakia viti. Kulipokucha, wengine wetu wakabadili kufuli ya stoo. Hatutaji upande, kwa kuwa katika makala hii tunasema "sisi", na kweli tulikuwa sisi.

Jumapili iliyofuata bibi mmoja mjane alifika mapema kama kawaida yake, akakuta hakuna viti. Alikaa juu ya tofali, akaimba nyimbo zote. Baada ya ibada mzee mmoja alimfuata kumweleza kwamba wale wenzetu ndio waliochukua. Bibi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Baba, mimi nilichangia kiti kwa ajili ya Bwana. Sikuambiwa Bwana yuko upande gani."

Yule mzee hakuwa na jibu, nasi tuliosimama karibu hatukuwa nalo. Ilitupasa kukumbuka kwamba Isaka naye alichimba kisima wachungaji wa Gerari wakakigombania, akakiita Eseki. Akachimba cha pili wakakigombania nacho, akakiita Sitna. Hakurudi usiku kukiteka. Alisogea mbele akachimba cha tatu, nacho hawakukigombania, akakiita Rehobothi, kwa kuwa Bwana alikuwa amewafanyia nafasi (Mwanzo 26:19-22). Viti vyetu vilirudi baada ya miezi minne. Vingine vilikuwa vimevunjika miguu.

Ketini kwanza

Injili ya Yohana inatueleza habari ya birika la Bethzatha, lililokuwa na matao 5 yaliyojaa wagonjwa. Wagonjwa wale waliamini kwamba maji yakitibuliwa, wa kwanza kuingia ndiye anayepona. Hebu tufikirie utaratibu ule. Mwenye nguvu kuliko wote ndiye anayepata uponyaji, na mgonjwa kuliko wote ndiye anayekosa. Mtu mmoja alikuwa amelemewa na ugonjwa wake kwa miaka 38. Alimweleza Yesu kwamba hana mtu wa kumtia birikani. Kila akijaribu, mwingine anamtangulia (Yohana 5:1-9).

Yesu angeweza kumbeba mbio ampeleke majini kabla ya wengine. Hapo angekuwa ameshinda mashindano kwa niaba yake, na mwingine angebaki matao yale akilia. Hakufanya hivyo. Hakuligusa hata birika. Alimponya pale alipolala. Kwa neno moja alionyesha kwamba neema ya Mungu haina foleni ya kusukumana, na kwamba anayekuja wa mwisho hakosi.

Tunaona jambo hilohilo nyikani. Kulikuwa na wanaume elfu tano wenye njaa, jua linakaribia kuzama, na mikate 5 na samaki 2. Mtu yeyote aliyewahi kuona chakula cha msaada kikirushwa kutoka juu ya lori anajua nini kingefuata. Yesu hakurusha. Kabla ya kubariki, kabla ya kumega, aliwaagiza wanafunzi wawaketishe watu wote, vikundi vikundi, penye majani mabichi, mia mia na hamsini hamsini (Marko 6:39-40). Mara nyingi tunakipita kifungu hicho tukiukimbilia muujiza. Lakini mtu aliyeketi hawezi kumkanyaga mtoto. Mtu aliyeketi katika kundi la hamsini ana majirani anaowaona nyuso, na mkate unapofika kwake anajua ni nani anayefuata. Walikula wote, wakashiba, na vikapu 12 vikajaa mabaki. Utaratibu ule ulikuwa sehemu ya muujiza, kwa maana uliondoa hofu ya kukosa.

Mitume walikumbuka. Wajane wa Kiyunani walipoachwa katika mgawo wa kila siku, kanisa la Yerusalemu halikuwaambia wajitahidi kuwahi. Lilichagua watu 7 wenye sifa njema wawaangalie (Matendo 6:1-6). Uongozi katika kanisa ulipata moja ya kazi zake za kwanza hapo: kuhakikisha kwamba asiye na nguvu ya kusukuma hakosi chakula. Na Yakobo na Yohana walipowahi kuomba viti vya kuume na kushoto, Bwana aliwaita wote kumi na wawili akawafundisha kwamba aliye mkubwa ni yule anayehudumu (Marko 10:35-45). Wale kumi walikasirika, na tukijisema ukweli, huenda walikasirika kwa sababu walitanguliwa.

Basi ndugu zetu wapendwa, tunapokaribia uchaguzi wa wazee wa kanisa, tunapogawa majimbo na mitaa, tunapogawa misaada, hata tunapopanga mstari wa chakula cha harusi, na tujiulize swali moja la historia: mlango ukifunguliwa, nani atasukumwa kando? Tukimjua huyo, tuanze na yeye.

Krismasi iliyopita mwalimu wa shule ya Jumapili alitandika mikeka uwanjani. Aliwaketisha watoto wote, kisha akawaita wakubwa wasimame, akawapa mabakuli ya pipi wawagawie wadogo, wakianza na aliye mdogo kuliko wote. Ilichukua muda mrefu. Mzee wetu mwenye mfuko alinung'unika kidogo kwamba mwaka huu hakuna msisimko. Binti aliyetuuliza swali alikuwa mmoja wa waliogawa. Alipomaliza alikuja kwetu na bakuli lake, akalionyesha. Pipi zilikuwa zimebaki, akauliza awapelekee watoto wa ule usharika mwingine.

Tulimwambia aende.